Umejuaje? Jinsi ya kuwafanya watoto wa msingi waripoti habari, muvi na michoro ya darasani kwao

Kama wewe ni mwalimu, au mzazi uliyebebeshwa mzigo wa kusimamia kikundi cha maripota wadogo shuleni, nikwambie mapema tu kwamba tatizo lako la kwanza halitakuwa watoto, litakuwa wewe mwenyewe. Utashika kalamu nyekundu, utasahihisha na kusahihisha mpaka ripoti ya mtoto wa miaka 9 isomeke kama risala ya mgeni rasmi, afu utashangaa mbona hakuna mtu anasimama kuisoma ukutani. Mi nimefanya huo ujinga mwaka mzima. Watoto walikuwa wananiletea kitu kina uhai wake, mi nawarudishia kitu kimenyooshwa kama shati la sare, na wao wanaona kabisa kwamba hiyo sio yao tena.

Kilichonitoa hapo ni swali moja la maneno machache: umejuaje? Nikaacha kusahihisha, nikawa nauliza hilo tu. Baadae nikagundua linafanya kazi kote, kwenye habari za dunia, kwenye muvi, hata kwenye mchoro wa mwenzake aliyekaa dawati la mbele. Kwahiyo huu mwongozo wote umejengwa juu ya hilo swali, ukilichoka mapema ndo basi, hamna kingine humu.

Kwanza gawa kazi, usiwafanye wote waandishi

Kosa la kawaida ni kuchukua watoto 20 na kuwaambia "haya kila mtu aandike ripoti", unapata ripoti 20 zinazofanana, 14 kati ya hizo zimenakiliwa kwa yule anayejulikana kuwa na akili. Weka vikundi vya watu wanne wanne. Mmoja anauliza maswali, mmoja anaandika, mmoja anachora au anapiga picha, na wa nne kazi yake ni moja tu, kukaa na ripoti ikishaandikwa na kuuliza "umejuaje?" kwenye kila sentensi. Huyo wa nne sisi tulimwita mkaguzi. Msimpe hiyo kazi yule mwenye kelele, mpeni mtoto mkimya, wakimya wengi wana jicho la hatari na hawajawahi kupata nafasi ya kulitumia. Afu mnazungusha kila wiki, maana kuna watoto watajifanya wapiga picha milele ili wasiandike.

Na wape karatasi ndogo. Kweli, nusu ukurasa tu. Kuna mwalimu mmoja Mfaransa, Célestin Freinet, miaka ya 1920 alileta mashine ndogo ya kuchapa darasani kwake, watoto wakawa wanapanga herufi moja moja kwa vidole vyao, wanachapa maandishi yao wenyewe na kubadilishana na watoto wa shule nyingine. Fikiria ukipanga herufi moja baada ya nyingine kwa mkono, utaandika kweli "napenda kuchukua nafasi hii adhimu"? Huwezi, vidole vitakukataza. Siku hizi hatuna hiyo mashine ila karatasi ndogo inafanya kazi ileile.

Habari: anza na kilichoanguka karibu yako

Usianze na dunia. Anza na kitu ambacho mtoto anaweza kutembea kwa miguu akakiangalia na kuongea na mtu aliyekuwepo. Kuna wiki mti uliokuwa karibu na geti letu ulianguka usiku, ukavunja madirisha mawili ya maktaba. Kikundi kimoja kikaleta hii: "Siku ya Jumanne tulipoamka asubuhi na mapema tukajiandaa kuja shuleni tukiwa na furaha, tulipofika tulishangaa kuona..." Huyo mtoto hana kosa lolote, ndivyo tulivyomfundisha kuandika insha, mwanzo, kati, mwisho. Habari haiendi hivyo. Habari inatanguliza lile zito, mengine yanafuata nyuma kadri uzito unavyopungua, ili hata ukiikata mkia, msomaji asikose kitu.

Na hilo la mkia lifanyie zoezi kabisa, watoto wanalipenda. Chukua habari yoyote ya gazetini, funika aya ya mwisho kwa karatasi, muulize bado tumeelewa? Funika na ya juu yake. Endelea mpaka ibaki aya moja. Ikiwa ile aya moja bado inakwambia nani, nini, wapi na lini, basi mwandishi alijua kazi. Kwa nini na ilikuwaje zinaweza kushuka chini kidogo. Afu wafanye hivyohivyo kwa ripoti yao. Ile ya mti ikawa: "Mti mkubwa wa karibu na geti umeanguka usiku wa kuamkia Jumanne na kuvunja madirisha mawili ya maktaba. Hakuna aliyeumia."

Hapo mkaguzi ndo akaanza kazi. Umejuaje ni usiku? Mlinzi alisikia kishindo. Umejuaje hakuna aliyeumia? Tumemuuliza mlinzi huyohuyo. Sawa. Halafu mwishoni walikuwa wameandika "mti ulianguka kwa sababu ya upepo mkali". Umejuaje? Kimya. Kila mtu alikuwa anasema upepo, kwahiyo na wao wakasema upepo. Nikawaambia nendeni mkaulize, wakaenda kwa mzee anayetunza bustani, akawaonyesha mizizi, imeoza yote, akasema yeye alishatoa taarifa zamani kwamba ule mti sio wa kuaminika. Si unaona? Habari yenyewe haikuwa mti, habari ilikuwa kwamba kuna mtu alishasema na hakusikilizwa. Watoto wa darasa la tano wakaipata kwa swali moja. (Uongozi haukufurahi sana, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.)

Kuhusu kuhoji watu, mambo machache tu. Wafundishe kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndio au hapana, "ilikuwaje?", "halafu?", "ulikuwa umesimama wapi?". Wafundishe kunyamaza, mtu akimaliza kujibu hesabu tatu kimoyomoyo kabla hujauliza lingine, mara nyingi anaongeza kitu chenyewe hasa hapohapo. Waulize kila mtu jina lake linaandikwaje hata kama wanadhani wanajua. Na maneno yanayowekwa ndani ya alama za kunukuu yawe yale yaliyotoka mdomoni mwa mtu, wamsomee kabla ya kuondoka.

Habari za mbali

Watoto wanasikia kila kitu, vita, uchaguzi, mafuriko, tetemeko, usijidanganye kwamba hawajui kwa sababu ulizima redio. Mimi naanza na "mmesikia nini?" kabla sijaeleza lolote, na mara nyingi kilichowatisha sio habari yenyewe, ni kipande walichojaziliza wao. Usimpangie mtoto mada ya vita au vifo, akiichagua mwenyewe kaa naye karibu, na picha za kutisha hazina kazi kwenye gazeti la ukutani, mimi hapo sina mjadala.

Kwa kuwa huku hawawezi kutembea wakaone, "umejuaje?" inabadilika kidogo, inakuwa "nani kakwambia, na yeye kajuaje?". Kanuni yetu ni vyombo viwili, na visiwe vimenakiliana. Watoto wanashangaa sana wakigundua habari tano walizozikuta kwenye intaneti zina sentensi zilezile neno kwa neno, maana yake hiyo ni sauti moja imevaa makoti matano. Pili waangalie tarehe, kila mara, kuna habari za miaka mitatu iliyopita zinatembea leo kama mpya. Picha ndo usiseme. Picha ya mafuriko ya kale inarudi kila mvua ikinyesha mahali popote. Wewe mtu mzima iweke kwenye utafutaji kwa picha wa Google mbele yao, waone ilianza kuonekana lini, dakika mbili zinatosha na hawasahau tena.

Namba za majanga zina tabia yake. Tetemeko likipiga asubuhi, idadi ya walioathirika mchana sio ile ya jioni, na kesho yake inabadilika tena kwa sababu waokoaji bado wanafukua. Sio kwamba mtu kadanganya. Kwahiyo mtoto asiandike namba tupu, aandike namba na saa na aliyeitoa: "hadi Jumatano jioni, waokoaji walisema...". Hata watu wazima wengi wanaoandika mtandaoni hawafanyi hivyo.

Afu mpe kazi ya kueleza kitu kimoja ambacho taarifa kubwa zimekiruka kwa kudhani kila mtu anajua. Kwa nini ardhi inatikisika, kupatwa kwa jua kunatokeaje na kwa nini hutakiwi kulitazama kwa macho matupu. Mchoraji wa kikundi anachora. Hapo ripoti ya mtoto inakuwa bora kuliko ya televisheni, sitanii.

Kama kuna mtu anakwambia hizi sio kazi za watoto, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, Ibara ya 13, unasema mtoto ana haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, kwa mdomo, kwa maandishi, kwa chapa, kwa njia ya sanaa au njia nyingine anayoichagua. Sanaa imetajwa humohumo, ndo maana mi siitenganishi na habari.

Muvi: dawa ya "afu... afu... afu"

Muulize mtoto kuhusu muvi aliyoiona, atakusimulia yote mwanzo hadi mwisho, afu akaruka, afu yule mbaya akaja, afu wakakimbia, na ukimwambia aandike ataandika hivyohivyo kurasa nne. Hiyo sio ripoti ya muvi, hiyo ni muvi bila picha. Sheria yetu: sentensi tatu za hadithi, mwisho hausemwi ng'o. Nafasi yote iliyobaki ni ya kipande kimoja tu cha dakika moja hivi alichokichagua.

Na hicho kipande tunakiangalia mara tatu. Mara ya kwanza sauti imezimwa, picha tu. Mara ya pili wanafumba macho, sauti tu. Mara ya tatu vyote. Kila mara wanaandika mistari miwili. Jamani hili zoezi! Mara ya kwanza niliyolifanya kuna mtoto alifumbua macho akasema "mwalimu kumbe nilikuwa naogopa muziki, yule mtu hata hajafanya kitu". Hutakaa umfundishe hiyo kwa maelezo. Wakishaonja hapo wanaanza wenyewe kuuliza kamera imewekwa wapi, kwa nini mtu akipigwa picha kutoka chini anaonekana mkubwa na kutoka juu anaonekana mnyonge, kwa nini rangi zimekuwa za baridi ghafla.

Kama unaanza na watoto wadogo kabisa tumia filamu zisizo na hadithi ya kusimulia. Zile za ndugu Lumière, zilizoonyeshwa Paris tarehe 28 Desemba 1895 kwa watazamaji waliolipa kiingilio, zilikuwa 10 na kila moja haifiki dakika moja. Moja yake ni wafanyakazi wanatoka tu kwenye geti la kiwanda. Basi. Hakuna mbaya, hakuna staa, hakuna "afu". Mtoto anabaki na kazi moja ya kuangalia, mbwa yupo? wamevaaje? nani kaangalia kamera? Zinapatikana mtandaoni na unaweza kurudia mara sita ndani ya kipindi kimoja, kitu ambacho muvi ya dakika 90 haikuruhusu.

Katuni nazo zinaleta hesabu darasani bila mtu kushtuka. Filamu inapita picha 24 kwa sekunde, na kwenye katuni za kuchorwa kwa mkono mara nyingi mchoro mmoja unatumika kwa picha mbili, kwahiyo sekunde moja michoro 12. Waambie wapige wenyewe dakika moja ni mingapi. Ni 720. Dakika 10 ni 7,200. Wakimaliza hapo hawaruki tena yale majina yanayopita mwishoni, wanasoma nani kachora, nani kaweka sauti, na nimewahi kupata ripoti nzima iliyoandikwa kuhusu watu wa majina ya mwisho tu, nilipenda sana.

Maoni sasa. "Ni nzuri", "imenibamba", "inaboa", hayo yote ruksa, ila lazima yaje na "kwa sababu" na lazima kuwe na tukio la kuonyesha. Inachekesha? Umejuaje? Nilicheka pale anapojificha nyuma ya pazia na miguu inaonekana. Haya, andika hiyo. Wakigombana wawili, mmoja kaipenda mwingine kaichukia, usiwapatanishe, bandika ripoti zao pembeni kwa pembeni, hiyo ndo itasomwa kuliko zote. Na ripoti iliyochotwa mtandaoni utaijua tu kwa sababu inasifia "uigizaji wa kiwango cha juu", muulize ni pale gani, utaona macho yanavyotafuta dari.

Ah na wewe iangalie muvi yote kabla, yote, sio dakika 10 za kwanza. Angalia pia imeruhusiwa kwa umri gani.

Michoro ya darasani, hii ndo ngumu

Ngumu kwa sababu ripota na msanii wanakaa dawati moja. Mtoto akiandika kuhusu muvi, aliyeitengeneza hamjui, akiandika kuhusu mchoro wa mwenzake wanaenda mapumziko pamoja. Ndo unapata ule ugonjwa wa "mchoro umependeza sana, rangi zimependeza, hongera". Au kinyume chake, mtu analipiza kisasi cha mpira.

Mi natumia maswali matatu yaliyotengenezwa na Abigail Housen na Philip Yenawine kwa ajili ya kuangalia sanaa na watoto. Nini kinaendelea kwenye hii picha? Unaona nini kinachokufanya useme hivyo? Nini kingine tunaweza kukiona? Swali la pili ni "umejuaje?" yetu, tofauti ni kwamba limevaa vizuri. Kabla ya hayo wakae dakika moja nzima wanaangalia bila kuongea, kwa mtoto wa miaka 8 dakika moja ni kama saa, ila macho yakishachoka kuzunguka ndo yanaanza kuona.

Waandike walichokiona kwanza, afu wanachodhani, afu NDIPO wakamuulize msanii. Mpangilio huo ukigeuka kazi imeharibika, maana msanii akishasema hakuna tena wa kuangalia. Tulikuwa na mchoro wa mtoto mmoja una anga la kahawia, kote kahawia. Ripota akaandika anadhani ni dhoruba ya vumbi, kwa sababu miti imelala upande mmoja. Akaenda kumuuliza mchoraji, akajibiwa "bluu ilibaki kidogo tu, nikachanganya na zilizobaki". Na kweli ukikoroga nyekundu, njano na bluu kidogo pamoja unapata kahawia. Ripota alitaka kufuta ya vumbi kwa aibu, nikamwambia acha zote mbili. Ile miti imelala kweli, hilo aliliona, na mchoraji mwenyewe alipoisoma akasema "eeh, ni kama kuna upepo kumbe".

Swali bora la kumuuliza mtoto msanii ni "wapi ulifuta?" au "wapi ulitaka kuacha?". "Ulijisikiaje" linakupa "vizuri" basi. Ripoti itaje pia vifaa, krayoni, rangi ya maji, vipande vya karatasi vilivyogundishwa, udongo, na ukubwa wa kazi, kwa sababu kwenye picha mchoro wa kiganja na wa ukuta mzima vinaonekana sawa. Kushindanisha hakuna, nani wa kwanza nani wa pili, hiyo ripoti sio mtihani.

Kupiga picha mchoro: ulaze chini karibu na dirisha, zima flashi, simama juu yake kamera ikiangalia moja kwa moja chini. Ukiubandika ukutani na flashi unapata doa jeupe katikati. Muombe ruhusa mwenye mchoro hata kama ana miaka 6. Wapo wanaokataa, na hapo imeisha, hubembelezi. Kama kitu kinatoka nje ya shule, weka jina la kwanza na darasa tu, usiunganishe sura, jina kamili na shule kwenye sehemu moja, na zima eneo kwenye kamera ya simu maana picha inabeba mahali ilipopigwa. Wazazi wajue na wakubali kabla, kwa maandishi.

Kuhariri na kukosea

Mhariri anauliza, haandiki. Kama mkono unawasha kamata kikombe. Mwandishi aisome ripoti kwa sauti, akikosa pumzi sentensi ikatwe hapo, akijikwaa neno libadilishwe kuwa lile analosema kila siku. Tahajia mwishoni kabisa, na wenzake ndo wakague.

Mtakosea. Sisi tulibandika kwamba mbio za darasa zimeahirishwa, mtoto alisikia kwa dada yake ambaye alisikia kwa mtu, darasa zima likaja bila viatu vya michezo. Aliyeandika ndiye aliyeandika masahihisho, yakawekwa palepale, ukubwa uleule wa maandishi, sio pembeni chini kwa herufi za sisimizi. Alilia kidogo. Muhula uliofuata aliomba mwenyewe kuwa mkaguzi, na siku nimebandika tangazo langu kuhusu ratiba nikakuta pameandikwa chini kwa penseli "umejuaje?", nikarudi ofisini kuuliza na kweli nilikuwa nimekosea tarehe.

Ukianza, wiki ya kwanza usibandike chochote, fanyeni lile zoezi la kukata mkia na la kufumba macho tu. Wiki ya pili ripoti moja kwa kikundi, kitu cha umbali wa kutembea. Ya tatu michoro, ya nne muvi, habari za dunia ziache mpaka wameshazoea kuulizana bila kununiana. Kila ripoti maneno 60 hivi, mtoto akiisoma taratibu mbele ya wenzake haifiki dakika moja, na chini yake muache nafasi tupu na penseli imefungwa kwa uzi, wasomaji waandike maswali yao.